Pampu ya Mkono Mrefu

Nilianza kuitafuta pampu ile kwa sababu moja: nilitaka kaka yangu aaibike mbele ya ukoo mzima. Watu wa kanisani wangependa niseme nilikuwa nalinda kumbukumbu ya baba, au natafuta riziki yangu. Hayo yote yalikuwepo, sikatai, ila yalikaa nyuma kwenye bodi pamoja na magunia. Mbele, kwenye usukani, ilikaa hasira.

Baba alikuwa na pikapu ya kizamani, ya kijani, ya zile zilizotengenezwa kabla sijazaliwa, na mimi si binti tena. Pale Soni waliiita mkweche. Mkweche huo ndio uliobeba kabichi na karoti zetu kutoka kijijini kwetu, karibu na Vuga, hadi sokoni, na mara nyingine hadi Mombo. Macho ya baba yalipoanza kuona ukungu hata siku isiyo na ukungu, usukani nikaushika mimi. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nikarudi nyumbani, na mwanamke aliyerudi nyumbani akiwa na kazi ya kufanya haulizwi maswali mengi. Gari lile liliniondolea maswali. Nilikuwa natoka alfajiri na mzigo wa majirani, narudi jioni na sabuni, mafuta ya kula na habari za mjini, na hakuna aliyethubutu kuniita aliyeachika.

Kaka yangu ndiye mtoto wa kwanza. Anaishi Lushoto mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi, na kanisani ni mzee wa kanisa. Watu humwita mgosi, kama tunavyowaita wanaume wazima huku kwetu, naye akisikia neno hilo huvuta kola ya shati. Mwaka ule baba alipokuwa mgonjwa, alikuja na habari kwamba amempata mteja. Kuna mwenye nyumba ya wageni aliyetaka pikapu ya kizamani aiweke getini, aijaze udongo kwenye bodi, apande maua.

“Watalii wanapenda kupigia picha vitu kama hivyo,” kaka akasema.

Baba alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Alipotulia, akamwita mdogo wake, baba yetu mdogo, akae karibu na kitanda asikie.

“Gari hili ni la atakayelitoa hapa uani mpaka barabarani, kwa moto wake lenyewe, siku ya kuanua tanga langu. Likishindwa kupanda, fanyeni mtakavyo. Hata maua mpande.”

Kwa asiyepajua kwetu, maneno hayo yanaweza kuonekana mepesi. Nyumba yetu iko chini ya barabara. Kutoka uani hadi barabarani kuna njia ya udongo mwekundu iliyonyooka na kusimama kama ngazi, na gari lolote linalopanda pale lazima lisindikizwe na mtu wa kushika jiwe. Baba alijua mimi naijua njia ile kuliko mtu yeyote. Alijua pia kaka hajawahi kuipanda kwa gari hata siku moja. Akija huacha gari lake juu, anashuka kwa miguu huku ameinua ncha za suruali. Kwa hiyo baba alikuwa amenipa gari bila kumnyima mtoto wake wa kwanza. Ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo kaka naye alivyoelewa, maana alitoka chumbani mle bila kuaga.

Baba akafa. Tukamzika nyuma ya nyumba, palipo na miparachichi. Baba mdogo akatangaza maneno yale mbele ya waombolezaji, na kuanua tanga kukapangwa Jumamosi moja mwishoni mwa masika.

Matanga hayajapoa, siku moja nikakuta boneti la gari halijafungwa sawasawa. Nikafunua. Ubavuni mwa injini, pale inapokaa pampu ya mafuta, palikuwa na tundu tu, limezibwa kwa kitambaa. Nikakitambua kitambaa. Kilikuwa kipande cha shati la mtu anayevaa mashati ya mikono mirefu.

Nikampigia kaka simu. Nikaanza na shikamoo, kwa sababu kwetu hata umchukiaye humrukii hivi hivi. Kama amekutangulia kuzaliwa, unamwamkia kwanza, kisha ndiyo unamchukia.

“Marahaba,” akasema. “Nimeipeleka kwa fundi ikasafishwe. Nataka kukusaidia mdogo wangu.”

Nilisubiri msaada huo. Nilipompigia tena, fundi alikuwa amehama. Nilipompigia mara ya tatu, hakukumbuka fundi mwenyewe alikuwa nani. Nilikata simu. Nilijua kabisa kwamba pampu haijapotea, imefichwa, na kwamba siku ya kuanua tanga atasimama na kofia yake ya pama mkononi, atatikisa kichwa kwa huzuni, kisha atapeleka jasho la baba yangu likapandwe maua. Hapo ndipo nilipoapa. Ukimwaga ugali, namwaga mboga.

Pampu ya gari la zamani si ya umeme. Ni kidude cha chuma, ukubwa wa ngumi, chenye mkono unaoingia ndani ya injini. Injini ikizunguka inauchezesha mkono ule juu na chini, nao unavuta petroli kutoka kwenye tenki, lililo huko nyuma chini ya bodi, na kuipeleka kwenye kabureta. Mkono ukiwa mfupi kidogo tu, injini haiufikii vizuri, na pampu inavuta nusunusu kama mtoto asiyetaka uji. Ya kwetu ilikuwa ya mkono mrefu, uliopinda mwishoni. Pampu za namna hiyo siku hizi hazipo madukani.

Nilimwendea fundi mmoja mnene mwenye gereji nyuma ya soko la Lushoto. Akasikiliza, akafikiri, akaniletea nyumbani pampu mpya ndani ya boksi lake. Mashimo mawili ya boliti yakakaa sawasawa.

“Imekaa!” akasema.

Gari likawaka. Likazunguka uani mara kadhaa, mama akatoka jikoni akapiga vigelegele, fundi akanawa mikono akala na kuondoka akiwa shujaa. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa milimani: tukipata kipande cha tambarare tunakishangilia, tunajaribia kila kitu hapo, kisha tunarudi kuishi kwenye mteremko. Kesho yake nikaelekeza gari kwenye njia. Halikufika hata nusu. Lilikohoa, likatetemeka, likazima, nami nikalirudisha chini kinyumenyume huku nimeng’ata meno.

Fundi akarudi. Safari hii alilaumu baridi. Tukaifungua pampu ndipo tukaona mkono wake ni mfupi. Akaondoa gasketi nene iliyokuwa kati ya pampu na injini, akakata nyingine nyembamba kutoka kwenye boksi la biskuti, ili mkono uingie ndani zaidi. Ikasaidia kidogo, gari likapanda hatua chache zaidi kisha likazima palepale pa aibu. Akajaribu pampu ya umeme, ya magari ya kisasa. Hiyo ilisukuma petroli kwa nguvu mpaka kabureta ikafurika, petroli ikamwagikia injini ya moto, na wa kwanza kukimbia alikuwa yeye. Tukairudisha ile ya mkono mfupi.

“Dada yangu,” akaniambia akiwa amesimama mbali, “gari kama hili niliwahi kuliona Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Lile lilikuwa limekufa, ila pampu yake ilikuwepo.”

Jioni ile nilimwambia mama kwamba nakwenda Bulwa. Mama ni mwanamke mwema. Hapendi ugomvi, na ana simu.

Kutoka kwetu hadi Bulwa ni kushuka milima hii, kupita Mombo na Korogwe hadi Muheza, kisha kupanda milima mingine. Nilisafiri siku tatu baadaye, na begi dogo na ile pampu ya mkono mfupi ndani ya mfuko, ya kulinganishia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia kaka siku ya kuanua tanga, na nikiri kwamba nilifurahi. Mtu mwenye kisasi hachoki safarini. Kila kona ya barabara ilinipa neno jipya, na jingine likiwa kali mno niliona haya mwenyewe, nikaliweka akiba.

Nikaifikia karakana ya shamba la chai majira ya mchana. Gari lilikuwepo kweli, nduguye lile letu, limemea majani mpaka milangoni. Mtunza stoo, mama mmoja mwenye sweta la zambarau, akanitazama, akautazama mfuko wangu.

“Pole mama,” akasema. “Na wewe umefuata pampu?”

“Na mimi pamoja na nani?”

“Alikuja mzee mmoja juzi, mrefu, ana kofia ya pama. Alisema ni ya gari la marehemu baba yake, analitengeneza ili limfae mama mjane. Mkuu wa karakana akamwonea huruma, akampa.”

Nikafunua boneti la gari lile lililokufa. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu. Sikulia Bulwa. Nilikunywa chai aliyonipa yule mama, nikamshukuru, nikapanda gari la kurudi, na nilipofika karibu na Muheza ndipo machozi yakatoka, machozi ya hasira, yale yanayochoma. Mtu aliyekaa jirani akanipa pole akidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na kaka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliporudi nyumbani nikamkuta mama anaongea na simu, sauti imefunguliwa, anamweleza kaka kwamba nimefika salama na kwamba nimenuna. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Aliona wanawe wawili wanahangaika na gari la baba yao, akaona ni vizuri kila mmoja ajue mwenzake anahangaikia wapi.

Sikumgombeza. Nilikaa nikamenya viazi naye, na katikati ya viazi nikamwambia, kama mtu anayejisemea, kwamba Bulwa nimekosa lakini nimesikia habari ya Magoma. Nikamwambia huko tambarare kuna mashine ya kusaga iliyofungwa, na nyuma yake kuna pikapu kama ya baba, na pampu yake ni nzima. Nikamwambia nitakwenda wiki ijayo, nikishapumzika.

Hakuna mashine kama hiyo ninayoijua mimi. Magoma ni chini kabisa ya milima, kuna joto la kukaanga mayai, na kaka yangu ni mtu wa baridi, akishuka tu Mombo huanza kutafuta kivuli. Nilisikia baadaye kwamba alizunguka huko siku nzima na viatu vyake vya ngozi, anauliza mashine iliyofungwa, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye mashine inayofanya kazi. Jumapili nikamwona kanisani. Uso ulikuwa umeiva, miguu imevimba imejaa kwenye viatu.

“Shikamoo kaka. Pole kwa safari.”

“Safari gani?” akauliza.

“Basi pole kwa jua.”

Akanitazama, nami nikafungua kitabu cha nyimbo. Sijawahi kuimba kwa sauti kubwa kama siku ile.

Lakini kucheka si kupanda mlima. Jumamosi ilikuwa inakaribia na mimi sikuwa na pampu. Nilipiga simu Korogwe, Muheza, hata Tanga mjini. Wote walikuwa na za mkono mfupi. Mmoja alisema ninaongelea kitu cha makumbusho. Usiku nilikuwa nalala nikiona maua yanaota kwenye bodi la gari, mekundu, na kaka akiyamwagilia. Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Mama alidhani ni majonzi ya baba, akawa ananichemshia uji wa tangawizi, nami nikaunywa bila kumsahihisha.

Siku mbili kabla ya kuanua tanga, pampu ya mkono mfupi nikiwa nimeirudisha mahali pake, nilitaka kuangalia mafuta ya injini yaliyokuwa yanavuja kwenye ile gasketi ya boksi la biskuti. Kando ya zizi la ng’ombe kuna kilima kidogo. Nikalirudisha gari kinyumenyume, makalio yakapanda juu ya kilima, pua ikaangalia chini, ili mafuta yachuruzikie mbele niyaone yanatokea wapi. Injini, iliyokuwa inakohoa toka asubuhi, ikanyamaza kukohoa. Nikakanyaga petroli. Ikanguruma kama zamani, kama baba akiwa ndani.

Nilishuka nikalizunguka gari. Nikainama nikatazama tenki, lile la nyuma chini ya bodi, na sasa lilikuwa juu kuliko injini. Ndipo nikaelewa. Gari likipanda mlima kwa pua, tenki linabaki chini na pampu inalazimika kuivuta petroli kuipandisha. Likipanda kwa makalio, tenki liko juu, na petroli inashuka yenyewe, kama maji ya mfereji yanavyoshukia bustani zetu bila kusukumwa na mtu. Pampu ya mkono mfupi ingetosha kabisa. Ingetosha hata ya mkono uliokatika.

Baba alisema mpaka barabarani, kwa moto wake lenyewe. Hakusema litangulize nini.

Nikazima gari, nikaliegesha mahali pake. Mama akauliza limekuwaje. Nikamwambia hali ni mbaya sana, mama, sijui tutafanyaje. Nilimwona anaitafuta simu yake.

Jumamosi watu walijaa. Wakristo wa ukoo wetu walikuja na Waislamu wa upande wa bibi, akina mama wakapika tangu alfajiri, maombi yakafanyika, vitu vya baba vikagawanywa: majembe, mundu, koti la mvua, redio. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa bado na unyevu. Kaka alivaa suti. Mwenye nyumba ya wageni hakuja mwenyewe, lakini alimtuma mtu wake, akasimama kando na mnyororo wa kuvutia gari begani. Nilipouona mnyororo ule damu ikanipanda kichwani.

Baba mdogo akarudia maneno ya marehemu. Kisha akasema, “Njia imelowa. Nani atashika jiwe?”

Nilishasema kwamba gari halipandi kwetu bila mshika jiwe. Kazi yake ni kulifuata gari upande wa mteremko, amebeba jiwe kubwa. Dereva akitaka kupumzisha injini anasimama kwa breki, mshika jiwe analisukumia chini ya tairi, anaita, “Jiwe!” Dereva hanyanyui mguu kwenye breki kabla hajasikia neno hilo. Kwa pikapu ya baba ilikuwa muhimu zaidi, kwa sababu breki ya mkono ilikufa zamani na ya mguu ilishika pale ilipojisikia.

Vijana wawili wakajitokeza. Baba mdogo akawatazama, akatikisa kichwa.

“Hili ni gari la msiba. Mzigo wa mwisho wa baba hubebwa na mtoto wa kwanza. Jiwe atashika yeye.”

“Baba mdogo, mimi nimevaa suti,” kaka akasema.

“Baba yako hakuuliza utavaa nini.”

Watu wakacheka. Kaka akavua koti, akampa mke wake, akainama akachagua jiwe. Mimi sikuwa nimepanga hilo. Nasema kweli, sikulipanga. Niliingia garini. Nilichokuwa nimeomba ni aone tu, na sasa alikuwa amewekwa palepale nilipomtaka.

Nikawasha. Nikaligeuza gari uani, pua ikaangalia nyumba, makalio yakaangalia mlima. Minong’ono ikaanza. Mmoja akasema, “Anafanya nini? Anakimbia?” Kaka alikuwa amesimama nyuma ya gari na jiwe lake, kama kila mtu anavyosimama. Nilipoingiza rivasi ndipo alipong’amua. Mteremko sasa ulikuwa mbele ya boneti. Mshika jiwe alitakiwa kusimama pale, mbele ya kioo, uso kwa uso na dereva.

Akazunguka taratibu akaja mbele. Tukatazamana.

Nikaachia klachi. Gari likaanza kupanda kwa makalio, tairi zikatafuna ule udongo mwekundu, injini ikanguruma safi bila kukohoa. Kina mama wakapaza sauti, mtu akaanza wimbo. Kwa kawaida anayerudi nyuma hugeuza shingo. Mimi nilitumia kioo cha pembeni kwa tairi, na macho yangu mawili nikayaacha kwake. Njia ile imenyooka, naijua. Alikuwa anapanda ameinama, jiwe kifuani, tai imehamia begani, matope yamefika magotini, na kila alipoinua macho alinikuta.

Niliyaona yote usoni mwake. Niliona anahesabu ameficha nini na imemsaidia nini. Pampu mbili alikuwa nazo, ya baba na ya Bulwa, na gari bado lilikuwa linapanda, naye ndiye analisindikiza.

Tulipopita nusu ya njia klachi ikaanza kunuka. Nikakanyaga breki, gari likasimama. Akaharakisha mbele, akapiga goti moja, akaanza kulisukuma jiwe chini ya tairi la kushoto. Kichwa chake kilikuwa kimepita chini ya usawa wa boneti. Nilikuwa naona mgongo wa shati tu, jeupe, limelowa jasho. Nilisubiri asikike.

Hakuwa ameita bado. Nilinyanyua mguu.

Gari likashuka. Si sana, upana wa kiganja hivi, lakini chuma kile kikishuka hata upana wa kidole unakisikia tumboni. Nikasikia jiwe linasaga, nikasikia sauti yake, si neno, sauti tu, kisha gari likagota kwenye jiwe na kusimama. Ndipo akaita, “Jiwe!” kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Kule chini hakuna aliyeelewa. Waliona gari limesimama na jiwe limewekwa, wakaendelea kuimba.

Akainuka. Hakuniangalia tena. Niliachia klachi, akaliinua jiwe, tukapanda sehemu iliyobaki hivyo hivyo, mimi nikimtazama, yeye akilitazama tairi.

Barabarani nililigeuza gari, nikaliegesha pembeni, likiwa bado linanguruma. Watu wakapanda mbio. Baba mdogo akafika anahema, akapiga boneti kwa kofi, akamuuliza kaka kwa sauti ya kusikika na wote, “Mtoto wa kwanza, gari ni la nani?”

“Ni la kwake,” kaka akasema.

Vigelegele vikalipuka. Yule mtu wa mnyororo akajipenyeza akaondoka zake. Mama akanikumbatia kupitia dirishani, analia, anasema baba yenu angefurahi. Alipoondoka, kaka akasogea dirishani. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

“Sikuwa nimeita jiwe,” akasema kwa sauti ya chini.

“Nilisikia umeita.”

“Sikuwa nimeita. Unajua.”

“Na mimi sikuwa nimekuita uje kuchomoa pampu.”

Akatazama mikono yake iliyojaa matope, akaipangusa kwenye suruali ya suti, akashuka kwenda kula pilau ya tanga la baba yake.

Jumatatu alileta pampu zote mbili kwenye mfuko wa duka lake. Alisema fundi amepatikana. Ya baba niliifunga mwenyewe, gari likapanda kwa pua siku ileile, na ya Bulwa nikairudishia karakana ya watu. Kazi inaendelea. Napeleka kabichi Soni, napeleka plamsi Mombo, na kaka akija nyumbani namwamkia, naye anaitikia, mama anaona tumepatana. Mchungaji aliniuliza kama nimemsamehe, nikamjibu kile wachungaji wanachopenda kusikia.

Ila nimegundua kitu. Pikapu hulala uani, katikati ya nyumba na choo, na mtu yeyote akitaka kufika upande wa pili hupita mbele yake, ndiko karibu. Kaka yangu hapiti hapo. Hata likiwa limezimwa, hata funguo ziwe mezani anaziona, anazunguka kwa nyuma, kwenye tope la ng’ombe, na viatu vyake vya ngozi. Mimi hukaa barazani namtazama anavyozunguka. Sijawahi kumwambia apite mbele.